Birika la Mkuu wa Idara

Nchi yetu ina jina zuri sana, ila kwa sasa lipo kwenye matengenezo. Tume ya Jina hukutana kila Alhamisi, na mpaka itakapomaliza kazi yake wananchi tumeagizwa tuiite "hapa" na tusiulize zaidi. Basi hapa, katika wilaya ya Nyikandefu, pana chuo kikuu. Ndani ya chuo mna idara. Na ndani ya idara mna kiti kimoja chenye magurudumu. Anayekikalia ni mimi, Dkt. Mbaruku Shemzigwa, Mkuu wa Idara ya Mvua na Shukrani. Zamani iliitwa Idara ya Ukame, lakini ukame ulifutwa kwa tangazo. Naomba nieleweke tangu mwanzo kwamba kiti hicho sikukiomba.

Nilikipata kwa sababu ya tai. Mkuu aliyenitangulia alikuwa amepandishwa cheo kwenda kusikojulikana, na Makamu Mkuu wa Chuo, Profesa Tindwa Baragumu, akaja mwenyewe kusimamia uchaguzi wa mrithi. Tulikuwa watu saba mezani. Mmoja wetu, Mwalimu Mwanakombo Sengasu, alikuwa na miaka ishirini na sita kazini, sisi sita wengine wote tulipita mikononi mwake, na kila mtu alijua kwamba zamu ni yake. Profesa Baragumu alifungua faili la huyo mama, akalitazama kwa huzuni, akalifunga.

"Huyu ana tatizo," alisema, Mwalimu akiwa amekaa palepale. "Imeandikwa hapa kwamba ana tabia ya kusoma nyaraka kabla ya kuzisaini. Taasisi haiwezi kwenda kwa mwendo huo."

Kisha akatutazama mmoja mmoja. Mimi asubuhi hiyo nilikuwa natoka kupiga picha ya kitambulisho, kwa hiyo nilikuwa nimevaa tai. Akaniuliza kama na mimi nasoma nyaraka kabla ya kuzisaini. Nikajibu kwamba nawaamini wenzangu. Watu wakapiga makofi, Mwalimu Mwanakombo naye akapiga, na ndiye aliyekuwa wa kwanza kuja kunishika mkono.

"Hongera, mwanangu," aliniambia. "Usiache kusoma tu."

"Nitaachaje, Mwalimu?" nikamjibu. Nakumbuka vizuri kwamba wakati namjibu nilikuwa nimeshaanza kukizungusha kile kiti kwa ncha ya kiatu.

*

Kazi ya Mkuu wa Idara si ngumu kama wasioifanya wanavyodhani. Nilikabidhiwa mihuri mitatu. Wa kwanza unasema "Imepokelewa," wa pili unasema "Linashughulikiwa," na wa tatu, ambao ni mkubwa na una nembo ya taifa, unasema "Nimesoma na Kuthibitisha." Nilikabidhiwa pia trei ya mbao iliyoandikwa "Ya Kupitisha." Hapa kwetu mtumishi haruhusiwi kumwandikia mkubwa yeyote isipokuwa kupitia kwa Mkuu wa Idara. Hata kama nyumba inaungua, barua ya kuomba maji hupitia kwangu kwanza.

Mimi bahasha za watu nilikuwa sizifungui. Nilipiga muhuri juu yake, nikaziweka kwenye trei, na mwenyewe akija kuulizia namwambia linashughulikiwa. Niliona kwamba kufungua bahasha ni kumshuku aliyeandika, na mimi si mtu wa kushuku watu.

Lakini heshima yenyewe hasa ilikuwa birika. Kanuni za chuo zinasema kwamba katika jengo la idara hakuna mwenye ruhusa ya kuchemsha kitu chochote ila mkuu. Wengine wote wakitaka chai huvuka uwanja mpaka kantini, jua likiwapiga utosini. Mimi nilikuwa na birika langu la bati na jiko dogo la umeme nyuma ya mlango, na chai yangu naipenda majani yachemkie humohumo birikani, pamoja na iliki. Harufu ilikuwa inashika ukumbi mzima. Watu wakipita walijua kwamba Mkuu yupo.

Nje ya dirisha langu, ndani ya uzio wa waya, kilisimama kipima mvua cha idara. Ni chombo cha shaba, chenye mdomo mpana na chupa ndani, na hakikuwa na mwenzake tena wilaya nzima. Vingine vyote vilikuwa vimekusanywa na kugawiwa ofisi za serikali ili viwekewe maua ya plastiki, kwa kuwa maua halisi yalikuwa yameshakauka. Kila siku, saa tatu kamili asubuhi, Mwalimu Mwanakombo alikwenda kukisoma. Alichukua maji yaliyomo, akayapima kwenye bilauri yenye mistari, akaandika katika daftari: tarehe, milimita, na mwisho kabisa ile safu pana iitwayo Maelezo. Kila Ijumaa daftari lililetwa mezani kwangu, nami nikalipiga muhuri ule mkubwa wenye nembo.

Mbali kidogo, ng'ambo ya uwanja, lilionekana paa la ghala la taifa. Ghala hilo limejaa mahindi mpaka darini. Sheria ya wilaya yetu inasema wazi, na ni sheria nzuri, tena fupi: msimu ukiisha bila kipimo cha idara kufika milimita mia mbili, Mkuu wa Idara atapiga muhuri, na ghala litafunguliwa ili wananchi wale.

*

Wiki ya kumi ya msimu kipimo kilikuwa kimefika hamsini na nane. Profesa Baragumu aliniita ofisini kwake, akaniketisha kwenye kochi ambalo mtu huzama mpaka magoti yanapita masikio.

"Daktari," alisema, "hebu tusaidiane kufikiri. Ghala likifunguliwa maana yake kuna njaa. Kukiwa na njaa maana yake Mheshimiwa Waziri wa Neema alikosea alipowatangazia wageni kwamba njaa imekwisha. Mheshimiwa hakosei. Kwa hiyo ghala halifunguliwi. Kwa hiyo mvua imenyesha. Hiyo ni hesabu ya darasa la tatu."

"Lakini Profesa, haijanyesha."

"Sijakuuliza habari za hali ya hewa. Nakuuliza kama idara yako bado inahitajika." Akanionyesha karatasi iliyokwisha kuchapwa, ikikosa tarehe tu. Idara yetu ingeunganishwa na Idara ya Shangwe na Mapokezi. Wenzangu watano wangefundishwa kupiga vigelegele, Mwalimu Mwanakombo angestaafishwa, na mimi ningekuwa mhadhiri msaidizi wa kupunga vitambaa. Kiti changu kingerudishwa stoo.

Nikamwambia labda nizungumze na Mwalimu, aongeze tarakimu kidogo.

"Yule?" Profesa alicheka mpaka akajifuta machozi. "Yule hata ukimtishia bunduki ataandika kilichomo. Kilichomo tu. Haya, nenda ukafikiri."

Nilishuka ngazi nikiyarudia maneno hayo. Ataandika kilichomo. Nataka kusema ukweli katika jambo hili, maana kuna watu huko nje wanasema nilitumwa. Hakuna aliyenituma. Profesa hakutaja maji wala birika. Lile wazo lilikuwa langu mwenyewe, na nililipata nikiwa naipuliza chai yangu.

*

Kesho yake nilifika saa kumi na mbili na nusu, kabla ya mtu yeyote. Birikani mlikuwa na maji niliyoongeza baada ya kumimina chai ya kwanza, yamepoa nusu. Nikaenda nalo uani, nikatazama huku na huku kama mtu anayetafuta kuku wake, nikamimina kikombe kimoja na nusu ndani ya kipimo. Mengine yalinimwagikia kwenye kiatu. Kisha nikarudi kukaa kwenye kiti na kungoja saa tatu, huku nikijiambia kwamba naokoa ajira za watu saba.

Saa tatu kamili Mwalimu alikuja na bilauri yake. Nilimtazama kwa dirishani. Aliinua chupa, akaisogeza karibu na macho, akaitazama ardhi kuuzunguka uzio wote, akaitazama mbingu. Kisha akaandika.

Nilitoka nikakutana naye ukumbini.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Mkuu."

"Naona leo imenyesha, eti?"

"Kimesoma kumi na mbili," alijibu, akinitazama usoni. Akaendelea kunitazama, kama mtu aliyemfungulia mgeni mlango anangoja aingie. Mimi nikasema alhamdulillahi, nikaenda zangu.

Nikamimina tena kesho yake. Na kesho kutwa. Nilimimina asubuhi kumi na nne, na kila asubuhi nilimwamkia shikamoo nikiwa na mkono uliolowa. Kila asubuhi alinijibu kimesoma kumi na moja, kimesoma kumi, kimesoma tisa. Sikumsikia hata siku moja akisema imenyesha. Jambo hilo nililiona, nikalipita.

Siku hizo pia alianza kuleta bahasha. Zote zilikuwa za kwenda Wizarani, kupitia kwa Mkuu wa Idara. Nilizipiga muhuri wa "Imepokelewa," nikazitia kwenye trei, nikijiambia kwamba ni maombi ya likizo. Zilifika kumi na moja. Hakuna mtumishi aliyewahi kuomba likizo mara kumi na moja ndani ya wiki tatu, na hilo nalo nililiona nikalipita.

*

Idara yetu ina mhudumu mmoja, Mzee Chambuso, mwenyeji wa hapahapa Nyikandefu. Hufagia, hupeleka barua, na jioni hulima shamba lake nyuma ya mlima mdogo wa kokoto. Mwaka ule alikuwa na debe moja la mbegu za mtama, la mwisho, amelificha juu ya dari lisije likaliwa. Kila siku alikuwa anakuja mlangoni kwangu na ufagio mkononi.

"Mkuu, ya leo ngapi?"

"Kumi na mbili, Mzee Chambuso."

"Ajabu! Mbona kwangu haikudondosha hata tone?"

"Mvua za siku hizi zinachagua mahali, mzee."

"Ni Mwalimu mwenyewe aliyesoma?"

"Ni yeye."

"Basi kama ni Mwalimu," alisema akitikisa kichwa kwa furaha, "inakuja. Yule mama hajawahi kutudanganya tangu nina nywele nyeusi."

Redio nayo ilikuwa ikisema hayohayo asubuhi na jioni. Waziri wa Neema alisoma tarakimu zetu hewani kwa sauti ya kuimba, akasisitiza kwamba zimepimwa na Mwalimu Mwanakombo Sengasu, mama ambaye hata wapinzani wanamwamini. Wilaya nzima ikatoka na majembe. Siku moja Mzee Chambuso aliniomba ruhusa ya kuondoka mapema. Amelishusha debe lake, alisema, anakwenda kupanda.

Nilikuwa na nafasi ya kumwambia. Ukumbi ulikuwa mtupu. Ningesema maneno mawili tu, mzee usipande, na angenielewa, maana hakuwa mtu wa maswali mengi. Nikafungua mdomo, nikamwambia, "Panda kwa mistari, mzee, ndiyo ushauri wa kitaalamu."

Kipimo kilifunga msimu kwa milimita mia mbili na kumi na nne. Profesa Baragumu alinipigia simu mwenyewe. Alisema taifa limenyeshewa.

*

Mtama uliota vidole viwili, ukalala. Halafu mambo yakaenda haraka kuliko nilivyotarajia. Watu wakauza mbuzi, kisha wakauza milango. Wilayani walianza kuzikwa watu ambao idadi yao siwezi kuitaja, kwa sababu katika fomu zetu hakuna mahali pa kuijaza.

Mzee Chambuso alikuja siku ya Jumatatu kuomba likizo ya siku mbili. Fomu ya likizo ina sababu tatu za kuchagua: harusi, ugonjwa na mapokezi ya kiongozi. Alisimama nayo, amepungua mpaka shati limekuwa la mtu mwingine.

"Nichague ipi, Mkuu? Nakwenda kumzika mjukuu. Mwajabu, yule aliyekuwa anakuja hapa kuokota chaki."

Nikamwambia achague ugonjwa. Akaweka alama. Akanipa fomu, lakini hakuondoka.

"Mkuu, samahani. Wewe umesoma sana, mimi sikusoma. Ile mvua ilikwenda wapi?"

Nilishika kalamu, nikaiweka, nikaishika tena. Chai yangu ilikuwa mezani inatoa mvuke. Nilimwambia kwamba utafiti unaendelea. Akanishukuru! Akanishukuru kwa mikono miwili, akatoka kwa kurudi nyumanyuma kwa adabu, na mimi nikapiga muhuri kwenye fomu yake. Ule wa pili. Tangu siku hiyo iliki sitaki hata kuisikia harufu yake.

*

Maneno yalipozidi, serikali iliunda Tume ya Kuchunguza Uvumi wa Njaa, mwenyekiti akiwa Profesa Baragumu. Tume ikataka nakala za daftari la mvua. Nilijifungia ofisini asubuhi moja nizitoe kwa mashine, na kwa kuwa mashine yetu inataka mtu aipange kila karatasi kwa mkono, ikanilazimu kuzitazama kurasa zile moja baada ya nyingine. Hivyo ndivyo nilivyosoma safu ya Maelezo kwa mara ya kwanza tangu niwe Mkuu.

"Mm 12. Maji ya uvuguvugu. Ardhi yote pembeni kavu."

"Mm 11. Majani ya chai matatu. Harufu ya iliki. Ardhi kavu."

"Mm 12. Majani ya chai. Hii si mvua. Nimeiandikia Wizara kupitia kwa Mkuu wa Idara."

"Mm 10. Kama jana. Nangoja Mkuu asome."

"Mm 9. Mzee Chambuso amepanda. Mkuu, soma."

Siku kumi na nne, mistari kumi na minne, mwandiko uleule wa duara uliokuwa ukisahihisha madaftari yangu nikiwa kijana. Na chini ya kila ukurasa, kwa wino wa zambarau, nembo ya taifa na maneno yangu: Nimesoma na Kuthibitisha.

Nilikuwa bado nimesimama hivyo Mwalimu alipobisha, akaingia. Miguu yake ilikuwa na vumbi mpaka magotini. Akaketi bila kukaribishwa, akaweka karatasi moja mezani.

"Nimeziondoa siku zile kumi na nne kwenye hesabu," alisema. "Iliyonyesha kweli ni sitini na moja. Natoka ghalani sasa hivi. Mtunza ghala amesoma karatasi hii, akalia, akasema yuko tayari na funguo zipo, ila bila muhuri wako hawezi. Piga hapa. Watu watakula leo."

"Mwalimu," nikasema, "ulijua kwamba ni mimi?"

"Birika ni moja, Mbaruku."

"Sasa mbona hukuniambia?"

Alishangaa kwa dhati. "Nimekuambia mara kumi na nne kwenye daftari na mara kumi na moja kwenye..." Macho yake yakaifikia trei. Bahasha zake zilikuwa pale, zimepangwa vizuri, hakuna hata moja iliyofunguliwa. Akazitazama. Nilimwona anazihesabu.

"Nilidhani unasoma," alisema taratibu. "Kila Ijumaa nikiona muhuri wako nasema, ameshajua, ana sababu zake, kesho atakuja mwenyewe aniambie. Nilikuwa nakungoja. Laiti ningejua husomi ningekwenda kusimama sokoni nipige kelele. Hilo kosa ni langu na nitalijibu. Wewe piga muhuri."

Niliuchukua. Naapa niliuchukua, nikaupulizia pumzi ulainike, nikauinua juu ya karatasi. Kisha akilini nikamwona Profesa Baragumu anajaza tarehe kwenye ile karatasi yake. Nikajiona napunga vitambaa.

"Iache hapa, Mwalimu," nikasema. "Nitalishughulikia."

Akanyanyuka. Alipofika mlangoni aligeuka, nami nikakaza uso kupokea matusi. Hakunitukana.

"Chai yako inachemka mpaka inamwagika," aliniambia, akatoka.

*

Tume ilikaa katika ukumbi mkuu, chini ya feni sita. Nilipeleka nakala zangu. Nilikuwa nimelikunja daftari pembeni kabla ya kuliweka kwenye mashine, kwa hiyo kila ukurasa ulikuwa na tarehe na milimita tu, safi kabisa. Profesa alizisifia mbele ya watu kwamba ni mfano wa utunzaji wa kumbukumbu. Baada ya nusu saa tume ilikuwa imeshapata jibu: Nyikandefu hakuna njaa, bali wananchi wana hamu ya kula iliyopitiliza.

Ndipo Mwalimu Mwanakombo aliposimama katikati ya ukumbi. Alisema yote. Hakutumia neno kali hata moja; alisema maji, akasema majani ya chai, akasema sitini na moja, akasema Mwajabu mjukuu wa Chambuso.

Profesa Baragumu alimsikiliza kwa heshima zote, kisha akavua miwani.

"Mama, maelezo yako ni mazito na tume inayathamini. Swali langu ni moja la utaratibu. Je, yamepitia kwa Mkuu wa Idara?"

"Yamepitia. Barua kumi na moja."

Akanigeukia mimi. Ukumbi mzima ukanigeukia. Mzee Chambuso alikuwa amesimama ukutani na ufagio wake, naye akanitazama, na ninavyomjua, alikuwa ananiombea nijibu vizuri. Mwalimu ndiye peke yake aliyekuwa hanitazami. Alitazama sakafu, kama mwalimu anavyofanya mwanafunzi wake anaposimama kujibu mtihani wa mdomo, ili asimtie wasiwasi.

"Daktari," alisema Profesa, "barua hizo zilikufikia?"

"Hazijanifikia," nikasema.

Mwalimu alifukuzwa kazi siku hiyohiyo, kwa kosa la kuandika maelezo katika safu ya Maelezo. Mzee Chambuso hakufukuzwa. Aliuegemeza ufagio mlangoni kwangu, akaweka na funguo za stoo juu ya mkeka, na mchana ule watu walimwona barabarani na mkewe na wajukuu waliobaki, wanaelekea upande ambao hauna jina kwa sababu Tume ya Jina haijafika huko.

*

Sasa umepita mwaka. Nimetunukiwa cheo cha Mkuu wa Idara wa Kudumu na kiti kipya chenye mahali pa kuegemeza kichwa. Kumimina hakuhitajiki tena. Siku hizi Wizara hutuletea tarakimu za msimu mzima, zimechapwa, kabla mawingu hayajaanza kufikiri. Lakini kila siku saa tatu kamili huwa nakwenda uani na bilauri ya Mwalimu. Sijui kwa nini naenda. Msimu huu umeisha juzi, na kipimo kimefika arobaini na tatu. Naliona paa la ghala kutoka hapa nilipokaa. Mahindi yameanza kuingia fukusi, mtunza ghala ni yuleyule, funguo anazo, na sheria haijabadilika. Bado inataka muhuri mmoja tu, nao uko kwenye droo, upande wa mkono wangu wa kulia.

Ndiyo maana nimeyaandika haya yote kwa mkono wangu. Ni barua rasmi kwa Wizara, nimetaja majina, siku na vikombe, na nimekiri bila kulazimishwa kwamba nilijaza kipimo, nilimnyamazia Chambuso, na bahasha zilinifikia. Nimeisaini. Kwa kuwa mimi ni mtumishi wa idara, sheria ni ileile: barua yangu lazima ipitie kwa Mkuu wa Idara.

Kwa hiyo nikimaliza sentensi ya mwisho nitaitia kwenye bahasha, nitaigundisha vizuri, nitazunguka meza na kukaa kwenye kiti, na nitaipokea. Sitaifungua, kwa maana mimi si mtu wa kushuku watu. Nitaiweka kwenye trei, juu ya zile kumi na moja. Na mtu yeyote akija kuulizia, awe ametoka Wizarani au ametoka makaburini, atajibiwa kama wengine wote kwamba linashughulikiwa.